Fundi Anajibu: Kaboni, mota na kilima cha Marangu

Mwezi huu nimepokea barua za magurudumu ya kaboni nyingi kuliko za pancha. Sababu naijua. Desemba inanukia, watoto na ndugu walioko nje wanapiga simu kuuliza waje na nini nyumbani, na kila mwenye baiskeli ya umeme amejipanga na jibu. Naanza na barua ndefu.

*

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Shanty Town hapa Moshi. Mwaka juzi mwanangu aliyeko Ujerumani aliniletea baiskeli ya umeme, zile nyepesi za barabarani ambazo ukiitazama haraka huoni kama ina mota. Ina kilo 13 na kitu. Mota ni Mahle X35, imo ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Betri imefichwa ndani ya fremu. Breki ni za diski. Jumamosi tunapanda nayo na wenzangu, tunapitia Himo hadi geti la Marangu. Sasa mmoja wetu amefunga magurudumu ya kaboni, na tangu hapo hatuna amani, kila akitupita lazima aseme neno. Mwanangu anakuja Desemba na yuko tayari kuninunulia seti nzima. Nauliza: nitapanda kwa wepesi zaidi? Betri itadumu zaidi? Yatahimili barabara zetu? Na kuyafunga ni kazi ya fundi wa Moshi, au hadi nije kwako Arusha?
Mstaafu, Shanty Town

Shikamoo mwalimu. Naanzia swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye pesa: mwambie kijana asinunue seti.

Seti ni magurudumu mawili, na la nyuma huja na habu yake ya kawaida. Mota yako haipo kwenye fremu wala kwenye pedeli, ipo ndani ya habu. Ukilitoa gurudumu hilo ukafunga la kaboni, mota imebaki sakafuni. Utapanda Marangu kwa miguu yako mwenyewe, na betri umeibeba ndani ya fremu ikiwa haina wa kumpa umeme. Huyo mwenzenu mwenye maneno ama baiskeli yake haina mota kabisa, ama mota yake ni ya kati, pale kwenye pedeli. Wa namna hiyo anabadilisha magurudumu yote mawili bila kugusa mota. Wewe huwezi.

Unachoweza ni kununua rimu tupu ya kaboni na kuisuka upya kwenye habu ile ile ya mota. Inafanyika, nimeshazisuka, lakini sikiliza kazi yenyewe. Kwanza unahesabu matundu ya spoki kwenye habu, maana rimu lazima iwe na idadi hiyo hiyo. Rimu nyingi za kaboni za barabarani hutobolewa matundu 20 au 24, kwa kuwa zilikusudiwa watu wasio na mota. Pili, spoki za zamani zote zinaenda pembeni. Rimu yenye kina cha milimita 45 inaingia kuelekea habu kuliko hiyo yako fupi ya alumini, kwa hiyo kila spoki inapungua urefu kwa sentimita moja na nusu au mbili.

Kipimo cha urefu huo sikichukui kwenye karatasi ya muuzaji. Nachukua spoki mbili nzee nilizozikata urefu ninaoujua, naziingiza kwenye matundu mawili yanayotazamana, nafunga nati hadi ncha ya spoki ilingane na mfuo wa bisibisi, navuta, halafu napima pengo la katikati kwa rula ya chuma. Narudia upande mwingine wa rimu. Ukikosea milimita 2 kwa kupunguza, nati inashika nyuzi chache na siku moja inachomoka. Ukikosea kwa kuzidisha, nyuzi zinaisha kabla spoki haijakaza. Na spoki zako haziruhusu uzembe: kwenye baiskeli ya kawaida zinabeba nguvu ya miguu tu, kwako zinabeba na ya mota, hadi nyutoni-mita 40, inayoanzia humo humo ndani ya habu.

Faida ya yote hayo ni nini? Rimu ya alumini ya baiskeli kama yako ina gramu 500 hivi, ya kaboni ina 400 na kitu. Unanunua rimu, spoki mpya, nati mpya na siku nzima ya fundi ili upunguze gramu 100 kwenye gurudumu ambalo mota yake peke yake ina kilo 2 na ushee. Mimi nisingefanya.

Kuhusu fundi, Moshi wapo wazee waliokulia kwenye Phoenix wanaosuka ringi vizuri kuliko mimi. Wanachokosa wengi wao ni kipimo cha mkazo wa spoki. Kwa alumini vidole na sikio vinatosha. Rimu ya kaboni ina kikomo cha mkazo kilichoandikwa na kiwanda, ukikipita tundu la spoki linaanza kuchanika taratibu na hutaliona hadi limechelewa. Ukiamua kusuka, muulize fundi kama anacho hicho kipimo kabla hujamuuliza bei.

Sasa kilima. Tuchukue kalamu, wewe ni mwalimu utanisahihisha.

Moshi mjini iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, geti la Marangu karibu 1,850. Tuseme unapanda mita 950. Wewe, baiskeli, chupa ya maji na vikorokoro vyote tuseme ni kilo 95. Kuuinua mzigo huo mita 950 kunahitaji nishati ya wati-saa 246 hivi, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa matairi. Betri ya X35 ina takriban wati-saa 250. Kwa hiyo kilima chako kinataka karibu betri nzima, na mota yenyewe inapoteza kiasi kwa joto. Ndiyo maana ukifika Marangu Mtoni ukiwa kwenye msaada wa juu kabisa, taa inaanza kukutisha. Miguu yako lazima ichangie, hakuna njia nyingine.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo uifanye kwa nusu kilo, ambayo ndiyo seti nzuri ya kaboni hupunguza ukilinganisha na alumini ya kawaida, na kwako hata haifiki huko kwa sababu ya mota. Nusu kilo juu ya mita 950: wati-saa 1.3. Simu yako ya mkononi hata asilimia 10 haijai kwa umeme huo. Kwa upande wa muda, nusu kilo katika 95 ni kama nusu ya asilimia moja. Kilima cha saa nzima kinapungua kwa sekunde 20. Mwenzenu anawapita kwa sababu ana mapafu, au ana umri mdogo, au hajala ndizi nyama asubuhi. Magurudumu hayahusiki.

Najua utaambiwa kwamba gramu ya kwenye rimu inahesabiwa kama gramu mbili. Ni kweli pale unapoongeza mwendo, kwa mfano unapoondoka kwenye taa au unapotoka kwenye tuta. Ukiwa kilimani mwendo ni ule ule dakika baada ya dakika, gramu ya rimu ni gramu moja kama ya chupa ya maji. Ukimwaga maji nusu lita pale Himo umeshapunguza uzito sawa na kaboni.

Kitu kinachokula betri yako kimya kimya ni matairi. Hukuniandikia una matairi gani, ila baiskeli nyingi zinazopita kwangu zina yale magumu ya kuzuia pancha, mpira mnene usiopinda. Kwa kilo 95 na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, tofauti kati ya tairi gumu la namna hiyo na tairi laini la barabarani lililo bora inafika wati 15 hadi 20. Hiyo ni kila sekunde unapotembea, tambarare na kilimani (kilimani inapungua kwa kuwa mwendo ni wa chini). Saa moja ya barabara ya Himo inakurudishia wati-saa 15 na zaidi. Kaboni ilikupa 1.3. Na bei ya matairi mawili mazuri ni dola 120 hadi 160, wakati seti ya kaboni yenye jina inaanzia kwenye dola 1,000 na kuendelea kabla ya ndege na ushuru.

Najua na hofu ya mbigili. Moshi mnazo, sisi huku Kisongo tunazo na miba ya migunga juu yake. Kwa hiyo usichukue tairi jepesi la mashindano. Chukua lenye utepe wa kinga chini ya mpira, upana wa milimita 32 kama fremu ina nafasi, na uendeshe kwa upepo mdogo kuliko ulivyozoea. Magoti ya mstaafu yatakushukuru kuliko betri.

Kaboni ina mahali pake, nisije nikaonekana nina ugomvi nayo. Mahali pake ni mwendo. Mota za soko la Ulaya hukata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa. Kuanzia hapo uko peke yako na upepo. Nguvu ya kushindana na upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 25 hadi 35 inakuwa karibu mara 2.7. Rimu ndefu ya kaboni inakata upepo vizuri kwenye mwendo huo na inaokoa wati kadhaa. Kijana anayetoka Boma Ng'ombe kuelekea njia panda ya KIA akiwa ameinama kwenye usukani ataziona. Wewe unayekwenda kilomita 12 kwa saa kupita migombani, hapana.

Kuhusu barabara zetu: kaboni nzuri ni imara kuliko watu wanavyodhani, lakini tazama ilitengenezwa kwa kazi gani. Viwanda kama DT Swiss hugawa magurudumu kwa madaraja ya ASTM, shirika la viwango. Daraja la 1 ni lami tu. Daraja la 2 ni lami na changarawe, na kushuka kimo kisichozidi sentimita 15. Rimu nyepesi kabisa wanazotamani watu ziko daraja la 1. Sasa fikiria matuta, zile rasta zinazofuatana kabla ya kila shule, na ukingo wa lami unaodondokea kwenye vumbi pale lori linapokusukuma nje. Hiyo si daraja la 1. Tazama pia uzito wote unaoruhusiwa, yaani wewe, baiskeli na mzigo, na kama dhamana inakubali baiskeli ya umeme. Wengine wanaikataa wazi, wengine wana magurudumu ya umeme pekee.

Mwanao aje na hivi: matairi mawili, tyubu mbili za akiba za TPU, plastiki nyepesi (zina kama gramu 40 kila moja, ya kawaida inazidi 100), pedi za breki, na kaseti ya nyuma ambayo gia yake kubwa ina meno 34, kama mfumo wako wa gia unaikubali. Hiyo gia ndiyo dawa halisi ya kilima. Ukiwa bado moyo umekwama kwenye kaboni, anunue gurudumu la mbele peke yake. Apime ekseli kwanza, nyingi za siku hizi ni milimita 12 kwa 100, na aangalie diski ya breki imefungwa kwa boliti 6 au kwa nati moja ya katikati. Ukipiga picha, simama upande wa mbele.

*

Shikamoo fundi. Niko Njiro, nina baiskeli ya umeme yenye mota ya kati. Nimepata magurudumu ya kaboni ya kina cha milimita 60, yale yasiyo na kulabu ukingoni mwa rimu. Fundi wa pancha wa mtaani ananijazia upepo psi 100 kama zamani. Ni sawa? Na hiyo 60 si nyingi?
Kijana wa Njiro

Marahaba. Si sawa, na leo usipande hiyo baiskeli hadi uipunguze upepo.

Rimu ya kawaida ina kulabu ndogo ukingoni inayoshika mdomo wa tairi. Yako haina, ukuta wake umenyooka, na kinacholizuia tairi lisiruke ni kubana kwake tu. Kwa sababu hiyo kikomo cha rimu hizo za barabarani ni bar 5, yaani psi 72 na nusu. Psi 100 tairi linaweza kuruka likiwa kwenye kona, na utepe wa kuziba, gundi ya maji ya kuziba pancha na kila kitu vikaondoka nalo. Tena tairi lenyewe liwe limeandikwa kwamba linafaa kwa rimu zisizo na kulabu, na upana usipungue ule uliotajwa na kiwanda cha rimu. Milimita 25 kwenye rimu pana za siku hizi sahau. Wewe kijana mwembamba, kwa tairi la 30, psi 55 hadi 65 inakutosha, nyuma zaidi kidogo ya mbele.

Fundi wa pancha simlaumu. Kompresa yake ni ya malori na bodaboda, anagonga tairi kwa kifundo cha kidole, akisikia limelia anaridhika. Nunua pampu yako yenye geji, na ubebe ile adapta ndogo ya shaba ya valvu nyembamba, maana bomba lake halitashika valvu yako bila hiyo.

Kina cha 60 kwa gurudumu la nyuma sina neno. Kwa la mbele, kwa barabara ya Moshi, nakukatalia. Ukitoka Usa River ukaingia pale panapofunguka, upepo unakupiga ubavuni, na basi likikupita unavutwa kwanza kisha unasukumwa. Usukani unageuka wenyewe. Mbele weka 40 au 45.

*

Fundi, habari. Mimi ni muuguzi, nasafiri kila siku Usa River hadi Tengeru na baiskeli ya umeme yenye rimu za kaboni, ilikuja nazo. Usiku niliingia shimo, nikasikia mlio mkavu. Rimu haijapinda hata kidogo, inazunguka sawasawa. Nimwamini nani?
Muuguzi, Usa River

Pole sana dada. Kutopinda kusikutulize, kaboni haipindi. Alumini inabonyea ukaiona, na fundi akaipiga nyundo ya mpira ikarudi. Kaboni ama ni nzima ama imechanika, na mchaniko unaweza kuwa wa ndani, tabaka moja limeachana na jingine huku rangi ikiwa safi.

Toa tairi. Toa na utepe wa ndani. Osha rimu kwa maji na sabuni, ikauke. Kwanza pitisha kitambaa cha pamba taratibu pande zote, hasa ukingoni: uzi ukinasa mahali, hapo nyuzi za kaboni zimetoka. Halafu chukua sarafu ya shilingi 200, gonga polepole kuzunguka rimu, katikati ya kila spoki na jirani yake, pande zote mbili. Rimu nzima inatoa mlio mmoja mkavu. Ukifika mahali mlio unakuwa mzito, kama umegonga kadibodi, rudia hapo na ulinganishe na upande wa pili. Matundu ya spoki yana mlio tofauti kidogo, usishtuke. Tazama pia mzunguko wa kila tundu kwa tochi ya simu ukitafuta mstari mweupe mwembamba.

Ukiwa na shaka, gurudumu la mbele usipande nalo hata kwenda kwa fundi. Lipakie kwenye daladala.

*

Fundi, rimu ya kaboni ikipasuka inachomelewa? Kuna mtu hapa mjini anaziba kwa gundi na kupaka rangi.
Msomaji, Kaloleni

Haichomelewi. Fremu ya kaboni hurekebishwa na wataalamu kwa kuongeza matabaka na kuyaoka. Rimu inabeba mvuto wa spoki na msukumo wa tairi kwa pamoja, na kiraka cha gundi hakijui habari hizo. Huyo jamaa akikushawishi, mwombe apande yeye kwanza kushuka kutoka Ilboru. Na ukimkuta anaipiga msasa bila barakoa mwambie aache, vumbi la kaboni haliendi vizuri na mapafu.

*

Fundi, nimebadilisha matairi kutoka 28 hadi 40 kwenye baiskeli yangu ya umeme, sasa kioo cha mwendo na GPS ya simu haviafikiani. Mota imeharibika?
Mama wa Sakina

Hapana mama, mota ni nzima. Kompyuta ya baiskeli inahesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo iliouandikiwa. Tairi la 28 lina mzingo wa milimita 2,130 hivi, la 40 linafika 2,200. Kila mzunguko unakwenda mbali zaidi ya inavyodhani, kwa hiyo kioo kinasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Fungua programu ya baiskeli kwenye simu, tafuta ukubwa wa gurudumu, uandike mpya. Kama programu yako haina sehemu hiyo, mwenye kompyuta ya kiwanda atakufanyia kwa waya ndani ya dakika chache.